Modeli inasema SWR 1.4, antena yenyewe inasoma 1.1. Nani muongo?

#1 Mlingoti_Tanga

Habari za jioni wakuu.

Naomba msaada kwa mnaochezea antena, kichwa changu kimeshapata moto. Maelezo ni marefu, mwenye haraka asome aya ya mwisho tu.

Niko Tanga, leseni ya redio za ridhaa ninayo, na nyuma ya nyumba nina uwanja wa mita 20 kwa 15 hivi. Nilitaka antena ya bendi ya mita 40, masafa ya 7.1 MHz. Dipoli ilinishinda kwa sababu inataka kuning'inizwa juu kila upande, na mimi nina mnazi mmoja tu, tena wa jirani. Nikaamua kusimamisha monopoli. (Si ile monopoli ya kuhodhi sukari. Hii ni antena ya waya mmoja uliosimama wima, unalishwa chini, na ardhi inakuwa nusu yake ya pili.)

Kabla ya kutoa hata senti nikapakua 4nec2, programu ya kuigiza antena kwenye kompyuta, na kuandika faili yangu ya kwanza maishani:

CM Monopoli ya 7.1 MHz
CE
GW 1 41 0 0 0 0 0 10.28 0.001
GE 1
GN 1
EX 0 1 1 0 1 0
FR 0 41 0 0 6.9 0.01
RP 0 91 1 1000 0 0 1 0
EN

Programu ikanipa omu 36, SWR (kipimo cha antena inavyolingana na kebo, 1.0 ndiyo kamili) 1.4 kwa kebo ya omu 50, geini (inavyoelekeza nguvu upande mmoja) 5.15 dBi usawa wa upeo wa macho. Nikasema sawa, 1.4 naweza kuishi nayo.

Nikajenga. Waya wa shaba wa milimita 2 umefungwa kwenye mianzi mitatu iliyoungwa. Chini nimetandaza radiali (nyaya zinazotawanyika kutoka mguuni mwa antena) nne za mita 5 juu ya nyasi, pamoja na fimbo moja ya ethi. Nikachomeka NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupima antena: omu 57, SWR 1.1! Mke wangu shahidi, nilicheka peke yangu uwanjani. Mianzi imeishinda kompyuta.

Sasa kasheshe. Kuna mwenzangu mtaa wa pili, yuko kama kilomita tatu kutoka hapa, ana dipoli imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Wote tunarusha WSPR (ishara za majaribio ambazo vituo vya mbali huzipokea na kuripoti) kwa wati 5. Vituo vya Ulaya vinamsikia yeye vizuri, mimi vinanisikia kwa mbaali. Antena yangu ina SWR nzuri kuliko yake na kuliko modeli. Nani muongo hapa: kompyuta, NanoVNA au Wazungu?

#2 kaptura_ya_buluu

Nimeshika siti ya mbele. Tiririkeni wataalamu.

#3 Mzee_wa_Ethi

Mwanangu Mlingoti, hakuna muongo. Kompyuta imesema kweli na NanoVNA imesema kweli, ila kila mmoja umemuuliza swali lake.

Tazama kadi moja tu kwenye faili lako: GN 1. Hapo umeiambia programu kwamba monopoli yako imesimama juu ya bati la chuma lisilo na mwisho, lisilopoteza hata chembe ya umeme. Ikakujibu kwa uaminifu: robo ya wimbi juu ya ardhi kamilifu ina omu 36 na geini 5.15 dBi. Namba hizo zimo kwenye kila kitabu cha antena. Kisha wewe ukaenda kujenga juu ya mchanga wa Tanga na radiali nne.

NanoVNA imekwambia 57. Toa 36, zimebaki 21. Hizo 21 hazijatoka kwenye antena, zimetoka ardhini. Mkondo unaopanda kwenye waya lazima urudi kupitia ardhi iliyo chini yake, na ardhi yako ni kinzani. Piga hesabu ya haraka: 36 gawanya kwa 57 ni asilimia 63. Katika wati zako 5, kama 3.2 zinakwenda angani na 1.8 zinawapashia mchwa joto.

Kwa hiyo ile 1.1 uliyoichekea ndiyo habari mbaya, na 1.4 ya modeli ndiyo ilikuwa habari njema. Chukua kinzani cha omu 50, kitumbukize kwenye kopo la mafuta, unganisha redio. Utapata SWR ya 1.0 safi kabisa, na hata chumba cha pili hawatakusikia.

Jambo hili watu walilipima zamani. Mwaka 1937 wahandisi wa RCA, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha majaribio ambayo walizika radiali kuanzia chache hadi 113 na kupima nguvu ya mawimbi kila walipoongeza. Tangu hapo vituo vya redio vya AM kule Marekani vikawa vinazika radiali 120 kwa kila mlingoti. Sisemi uzike 120. Ila nne za mita 5 juu ya nyasi ni sawa na kujenga ghorofa juu ya msingi wa kibanda.

#4 Bi_Mawimbi

Shikamoo Mzee wa Ethi. Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, ila hesabu ya "57 toa 36" naomba tuipunguzie uhakika. Ile 36 ni ya ardhi kamilifu. Ukiwa na radiali chache na fupi, mgawanyo wa mkondo kwenye mfumo mzima unabadilika, na ukinzani wa mnururisho wenyewe (zile omu zinazorusha mawimbi) hauwi 36 kamili. Kwa makadirio ya kwenye kijiwe inafaa. Kama ushahidi wa mwisho, hapana. Kinachoaminika zaidi ni mwelekeo: ongeza radiali, pima, ongeza tena, uone R (hizo omu unazopima) inateremka mpaka wapi.

Pili, kaka Mlingoti, hasara za ardhi ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza iko miguuni mwa antena, hiyo radiali zinaitibu. Ya pili iko mbali: wimbi linaloondoka kwa pembe ya chini hudunda ardhini makumi na mamia ya mita mbele, na ardhi mbovu hulirudisha likiwa dhaifu na limepinduka kiasi cha kuliua lile lililokwenda moja kwa moja. Hiyo radiali zako haziifikii. Ndiyo maana geini ya 5.15 usawa wa upeo wa macho hutaipata popote nchi kavu. Juu ya ardhi ya wastani, hata yenye radiali nzuri, modeli itakupa karibu 0 dBi, na kilele kitakuwa juu kidogo, kama nyuzi 25 kutoka upeo.

Sasa modeli yenyewe. Ndani ya 4nec2 injini yako ni NEC-2, na NEC-2 ina mwiko mmoja: haijui kuzika waya. Ukiweka ardhi halisi kwa GN 2 huku waya umegusa sifuri, itakupa namba ya R, tena yenye desimali nyingi za kupendeza, na namba hiyo ni ya kutupa. Wenye NEC-4 wanazika, lakini ile ni ya leseni ya kulipia. Sisi wengine tunainua kila kitu kidogo, kama sehemu moja ya elfu ya urefu wa wimbi, ambayo kwako ni kama sentimita 4 au 5:

GW 1 41 0 0 0.05 0 0 10.3 0.001
GW 2 21 0 0 0.05 5 0 0.05 0.001
GW 3 21 0 0 0.05 -5 0 0.05 0.001
GW 4 21 0 0 0.05 0 5 0.05 0.001
GW 5 21 0 0 0.05 0 -5 0.05 0.001
GE -1
GN 2 0 0 0 13 0.005
EX 0 1 1 0 1 0

Hapo 13 ni kipimo cha dielektri na 0.005 ni upitishaji wa umeme, simensi kwa mita, ndiyo inayoitwa ardhi ya wastani. Jaribu pia 5 na 0.001 kwa ardhi kavu maskini. Ukweli wa uwanja wako pengine uko kati ya hizo mbili, na utabadilika masika.

Na tatu: kebo yako iko wapi kwenye modeli? Haimo. Lakini uwanjani imo, na ngozi yake ya nje ni radiali ya tano inayoingia ndani ya nyumba mpaka kwenye redio. Izungushe kwenye feraiti (pete ya kuzuia mkondo wa ngozi ya nje) karibu na sehemu ya kulishia kabla hujapima tena. Usipofanya hivyo utakuwa unapima antena pamoja na meza yako.

#5 dogo_wa_umeme

Wakubwa shikamooni. Mnaongea Kiswahili lakini mimi nimeelewa "shikamoo" tu. GW, GN, EX ni nini? Na kwa nini mnaziita kadi wakati ni mistari ya maandishi?

#6 Fundi_Likoni

Dogo, salamu kutoka Mombasa. Zinaitwa kadi kwa sababu zilikuwa kadi kweli, za karatasi zilizotobolewa matundu. NEC-2 iliandikwa kwa FORTRAN katika maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani, ikatoka 1981. Enzi hizo ulikuwa unalisha mashine rundo la kadi, kila kadi amri moja. Matundu yamekufa, jina limebaki. GW ni waya, GN ni ardhi, EX ni mahali unapolishia, FR ni masafa, RP ni ramani ya mnururisho.

Inavyofanya kazi: waya unakatwa vipande vidogo. Mkondo wa kila kipande haujulikani, na kila kipande kinaathiri vyote vingine. Ni kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, mmoja akigeuza bega watu wote wanasogea mpaka kondakta mlangoni. Programu inaandika mlinganyo mmoja kwa kila kipande, inaitatua yote kwa pamoja, na mkondo ukishajulikana mengine yote yanafuata: R, geini, pembe.

Ya kuangalia ni mawili matatu. Kipande kisizidi sehemu ya kumi ya wimbi, na karibu na mlisho kiwe kifupi zaidi ya hapo. Kisiwe kifupi mno pia kulinganisha na unene wa waya. Namba ya mwisho kwenye GW ni nusu kipenyo, si kipenyo! Nimewahi kupoteza wiki nzima hapo, na nilikuwa nalaumu kompyuta. Ukimaliza, zidisha idadi ya vipande mara mbili uendeshe tena. Majibu yakiruka, modeli yako bado mbichi.

Sasa na mimi nina langu. Natumia MMANA-GAL, programu nyingine ya kuigiza antena. Nimebadilisha ardhi kutoka jangwa mpaka maji ya bahari, ramani inabadilika lakini R haitikisiki hata kidogo, imekaa 36 vilevile. Ina maana haya mambo ya Mzee hayako kwenye MMANA?

#7 Bi_Mawimbi

Fundi, umegusa shimo ambalo wengi wameanguka humo, na wengine bado wamo wanafurahia maisha.

MMANA imejengwa juu ya MININEC, si NEC. MININEC inapotafuta mkondo na ukinzani, inafanya kana kwamba ardhi ni kamilifu, liwalo na liwe. Ardhi uliyoijaza wewe inaitumia baadaye tu, inapochora ramani ya mbali. Kwa hiyo hasara ya miguuni haimo kabisa. Antena yako ya kwenye MMANA haiwezi kuwa na radiali mbovu, hata ukitaka. Kwa dipoli iliyo juu si tatizo kubwa. Kwa monopoli iliyosimama ardhini ni tatizo, kwa sababu hicho ndicho ulichotaka kujua.

Dawa ya kienyeji: weka kinzani kwenye sehemu ya kulishia, omu 10 au 20, uone geini inavyoshuka. Au hamia 4nec2. EZNEC nayo siku hizi ni ya bure, mwenyewe aliiachia 2022 alipostaafu. Ila ndani ya EZNEC angalia umechagua ardhi ya aina gani, maana na yenyewe ina chaguo la MININEC na madhara ni yaleyale.

#8 kaptura_ya_buluu

Sijui lolote kuhusu redio lakini huu uzi sitoki. "Antena yako haiwezi kuwa na radiali mbovu hata ukitaka" 😂

#9 Mswahili_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Muscat, nakaa ghorofa, na sina hiyo mita 10. Nina fimbo ya mita 5 juu ya paa la zege, chini yake nimezungusha koili. SWR kwa masafa hayohayo ya 7.1 inasoma 1.5 na nilikuwa najiona mjanja. Baada ya kumsoma Mzee wa Ethi nimeanza kuogopa kuuliza. Haya, nauliza.

#10 Mzee_wa_Ethi

Wa alaykumu salaam. Tupige hesabu pole pole, ukae chini kwanza.

Monopoli fupi ina ukinzani wa mnururisho wa karibu 395 mara mraba wa urefu wake gawanya kwa wimbi. Wimbi lako ni mita 42.2, fimbo mita 5. Jibu: omu 5.5. Hizo tu ndizo zinazofanya kazi ya kurusha.

Fimbo fupi inaonekana kama kapasita, kama omu 535 upande wa hasi. Kuzifuta unahitaji koili ya mikrohenri 12. Koili nzuri yenye Q (kipimo cha ubora wake) ya 200 ina hasara ya omu 2.7. Kwenye faili la NEC unaiandika hivi:

LD 0 1 1 1 2.7 12e-6 0

Jumla 8.2. Kama ardhi, au hilo zege lako, ingekuwa kamilifu, SWR yako ingekuwa 6! Lakini unasoma 1.5. Kama huna kifaa cha kulinganisha hapo katikati, basi R yako ni kati ya 33 na 75. Chukua ile ndogo, 33. Katika hizo, 5.5 ndiyo antena. Asilimia 17. Wati 100 zinaingia, 17 zinatoka.

#11 Mswahili_Muscat

La haula. Sasa nifanyeje mzee wangu, niibomoe?

#12 Mzee_wa_Ethi

Usibomoe. Watu wanazungumza na dunia kwa wati 5. Tandaza nyaya juu ya paa, nyingi kadiri unavyoweza, za mita 5 zinatosha kwa fimbo ya mita 5. Nondo zilizo ndani ya zege usizitegemee. Koili ipandishe mpaka katikati ya fimbo, mkondo utaenea vizuri zaidi na 5.5 itapanda, ingawa utalazimika kuongeza mizunguko. SWR itaharibika, na hapo ndipo uweke transfoma ya kulinganisha. SWR ikiharibika kwa sababu hasara imepungua, hiyo ni dalili ya kupona.

#13 dogo_wa_umeme

Mimi mradi wangu wa chuo ni monopoli ya 2.45 GHz juu ya bodi ya saketi. Robo ya wimbi nimepata milimita 30.6. Naweza kutumia hii NEC?

#14 Bi_Mawimbi

Kwa kujifunza, ndiyo: waya mmoja juu, chini uchore wavu wa nyaya badala ya bati. Lakini bodi yako ina plastiki ya dielektri chini ya shaba, na NEC-2 haijui plastiki. Tumia openEMS ambayo ni ya bure, inagawanya nafasi yote kuwa visanduku vidogo na kulifuatilia wimbi hatua kwa hatua. Chuo kikiwa na leseni ya CST, HFSS au FEKO, bora zaidi. FEKO kwa taarifa yako ililelewa Stellenbosch, Afrika Kusini, kabla Altair hawajainunua 2014, kwa hiyo msidhani vitu hivi vyote vinatengenezwa ng'ambo ya bahari.

Ila angalia: bati lako ni dogo, kwa hiyo usitegemee 5.15 dBi wala kilele usawa wa upeo. Kingo za bati zinalitawanya wimbi na kilele kinanyanyuka juu. Profesa akikuuliza kwa nini, usimjibu "programu imesema".

#15 Fundi_Likoni

Dada Bi Mawimbi, ahsante. Nimehamia 4nec2 usiku uleule na R imeanza kutikisika. Swali dogo: modeli inasema urefu ni mita 10.3, wakati ile fomula yetu ya mtaani, 71.5 gawanya kwa megahezi, inasema 10.07. Nikate wapi?

#16 Bi_Mawimbi

Usikate popote kwanza. Modeli ina waya mtupu, mwembamba, ulionyooka, hakuna kilicho karibu. Fomula imeshabeba ndani yake vitanzi vya mwisho, vihami, na ukuta wa jirani. Waya wenye ngozi ya plastiki nao hujifanya mrefu kwa asilimia chache. Anza na 10.4, pima, kata kidogo kidogo. Waya uliokatwa haurefuki.

#17 Mlingoti_Tanga

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa natafuta waya.

Kwa fundi wa kurudisha mota zilizoungua nimepata rundo la waya wa zamani wa koili, ameniuzia kwa kilo kama chuma chakavu. Mwembamba, lakini Bi Mawimbi aliniambia faraghani unene si kitu kwa radiali, mkondo unagawanyika kwenye nyaya nyingi. Nimenyoosha, nimekata za mita 5, nimezibana kwenye nyasi kwa vikulabu vya henga za nguo. Kebo nimeizungusha kwenye feraiti. Kila hatua nimepima kwenye masafa ambayo antena inatulia:

Radiali 4: omu 57, SWR 1.14
Radiali 8: omu 48, SWR 1.04
Radiali 16: omu 42, SWR 1.19
Radiali 32: omu 38, SWR 1.32

Mnaona kilichotokea? Kama ningekuwa naangalia SWR peke yake ningesimama kwenye radiali 8, nikanywa chai, nikaja kuwatambia humu. SWR imeshuka mpaka 1.04 halafu ikaanza kupanda, na mimi kila ikipanda nafurahi. Mke wangu kaniuliza kama niko sawa.

Na 32 zimenila mita 160 za waya. Kutoka 16 kwenda 32 nimekomboa omu 4 tu, kwa hiyo hapo nimesimama. Kwa kipimo cha Mzee ni kama kutoka asilimia 63 kwenda 90 na ushee, ambayo ni chini kidogo ya desibeli 2. Kwa kipimo cha Bi Mawimbi ni "mwelekeo mzuri, usiniletee asilimia". Nawaheshimu wote wawili.

WSPR: usiku vituo vya Ulaya sasa vinanisikia sawa na mwenzangu wa mtaa wa pili, na baadhi ya usiku namzidi. Lakini Dar es Salaam na Nairobi bado ananipiga vibaya sana. Hilo nalo ni radiali?

#18 Mzee_wa_Ethi

Hapana. Hiyo ni tabia ya kuzaliwa. Endesha RP uitazame ramani yako: juu ya utosi kuna shimo, monopoli hairushi kuelekea juu. Dar kutoka kwako ni karibu mno, wimbi la 7 MHz la kwenda huko linapanda karibu wima, linadunda kwenye ayonosifia na kushuka. Dipoli iliyolegea chini chini ya mwenzako inarusha juu kama chemchemi, ndiyo inayotakiwa kwa Dar. Wewe antena yako imejengwa kwa ajili ya mbali. Mkiwa na akili mtaungana muwe na zote mbili.

#19 Fundi_Likoni

Na sisi tulio ukingoni mwa bahari? Nimeweka maji ya chumvi kwenye 4nec2, dielektri 81 na upitishaji 5, na geini imeruka mpaka karibu 5 dBi, pembe ya chini kabisa, nyuzi 8 hivi. Nilidhani nimekosea tena nusu kipenyo.

#20 Bi_Mawimbi

Hujakosea. Maji ya bahari yanapitisha umeme mara elfu moja kuliko ile ardhi ya wastani, kwa hiyo ile hasara ya pili, ya kudunda mbali, karibu inatoweka. Hakuna radiali inayoweza kukununulia hiyo. Ndiyo maana wanaokwenda visiwani na redio husimamisha nyaya wima ufukweni.

Mlingoti usitamani bure, nyumba yako iko mbali na maji. Kwa antena ya urefu huu, mwale wa nyuzi 10 unadunda kama mita 28 mbele yake, wa nyuzi 2 kama mita 140. Eneo lenyewe linalohusika ni pana kuliko nukta hiyo, lakini bahari iliyo nusu kilomita haikusaidii kitu cha maana.

Fundi, kuna kadi ya GD, inakuruhusu kuweka ardhi ya pili kuanzia umbali fulani: mchanga hapa, bahari kuanzia mita 15, na bahari iwe chini kwa mita kadhaa. Inaingia kwenye ramani ya mbali tu, R haiigusi. Fanya mara mbili, moja kwa maji kujaa na moja kwa maji kupwa.

#21 Mlingoti_Tanga

Hapo kwa maji kupwa ndipo pa kwetu. Siku za bamvua bahari inaondoka mpaka unaweza kutembea kwenda kuokota chaza. Antena iliyokuwa mita 15 kutoka kwenye maji inajikuta iko mbali nayo kabisa. Modeli itasemaje?

#22 Bi_Mawimbi

Itategemea ule mchanga uliobaki wazi unauita nini. Una chumvi na umelowa, kwa hiyo si ardhi ya wastani hata kidogo, lakini si bahari pia. Mimi ningeendesha kwa 1 badala ya 5 na kwa 0.1, nione tofauti. Halafu ningekwenda kupima, maana kwa hili siiamini modeli yangu mwenyewe.

#23 Mlingoti_Tanga

Basi bamvua ijayo naibeba mianzi yote mpaka ufukweni, na betri ya gari. WSPR itarusha kuanzia maji kujaa mpaka kupwa, usiku kucha ikibidi. Mwenzangu wa mtaa wa pili atabaki nyumbani akirusha kwa dipoli yake wati zilezile, tuwe na cha kulinganishia.

#24 Mzee_wa_Ethi

Andika saa ya kila kitu, na fanya usiku wa maji mafu pia, usiku mmoja usitudanganye. Anga nalo lina siku zake.

#25 kaptura_ya_buluu

Nitabeba kahawa. Mnisemeshe tu ni ufukwe gani.

#26 Mlingoti_Tanga

Nitakuandikia faraghani mkuu. Kwa sasa kuku wamekata radiali ya 19, R imepanda kidogo, naenda kuunga.